Anaelekea Kukaribia

Mimi, tangu nianze kuongea, sijawahi kumdanganya mama wa mtu. Wapo wanaodanganya ili wale, wapo wanaodanganya ili wasamehewe. Mimi nikijaribu uongo ulimi unajikunja wenyewe kama mkia wa kinyonga. Kwa hiyo haya ninayowaandikia yapokeeni yalivyo, msipunguze chumvi wala msiongeze.

Nchi yenyewe haina jina. Ilikuwa nalo, lakini liko kwenye mapitio. Mkiona inafanana na ya kwenu, msinikodolee macho. Nchi zinafanana jamani, hata watu wanafanana, na hakuna anayekamatwa kwa sababu hiyo. Mara nyingi.

Basi katika nchi hiyo watoto walikuwa wanafeli. Wakajaribu kuongeza walimu. Walimu wakagundulika kuwa wanataka kula. Wakajaribu kuongeza vitabu. Vitabu vikaishia kufungia karanga. Mwishowe akateuliwa Waziri mpya, Mheshimiwa Dakta Tandabui, mtu aliyesomea mambo ya elimu kwa muda mrefu kiasi kwamba hakuwahi kupata nafasi ya kuingia darasani. Siku yake ya kwanza ofisini aliuliza swali ambalo mawaziri wote waliopita walilikalia:

"Hili neno 'kufeli', nani alilileta?"

Wakurugenzi wakatazamana. Hakuna aliyejua.

"Basi litoke."

Likatoka. Kulipopambazuka, nchi nzima ilikuwa haina mtoto aliyefeli. Majirani wakatuma wajumbe waje kujifunza.

Sasa mtu akishaonja mafanikio kama hayo, ataishia neno moja? Wizara ikabadilishwa jina, ikawa Wizara ya Umahiri na Mambo Yanayofanana Nao. Mwalimu akakatazwa kufundisha; kuanzia hapo anawezesha. Ubao ukawa jukwaa wima la maarifa. Kengele ikawa kiashiria cha mpito. Mtoto anayechelewa akawa anafika kwa mwendo wake binafsi, na mtoro, yule anayeshinda porini akitega ndege, akaandikwa mwanafunzi wa masafa. Hata shule moja iliyoezuliwa paa na upepo iliripotiwa kuwa na "madarasa yenye uwazi kwa mazingira", ikapewa cheti, na cheti kikalowa.

Mwalimu aliyeteleza akatumia neno la zamani alipelekwa warsha. Huko mtu hapigwi, hapana, hiyo ni nchi ya kistaarabu. Anakalishwa mezani, anapewa chupa ya maji, peremende, kalamu ya wino mzito na vikaratasi vya rangi, kisha anaambiwa abandike mawazo yake ukutani mpaka yaishe. Wengi yaliisha. Mwalimu mmoja wa Shule ya Msingi Kwamnyefu alirudi nyumbani kutoka huko, mkewe akamuuliza, "Habari za safari, baba watoto?" Akajibu, "Kwa ujumla ziko katika hatua ya kuridhisha, isipokuwa maeneo machache ya kuboresha." Mke akatoka nje akaita kaka zake waje wamshike.

Hiyo Kwamnyefu ndiyo shule ya hadithi hii. Kama shule zote, ililetewa Mlezi wa Istilahi, ambaye kazi yake ni kuhakikisha hakuna anayesema neno la kawaida ndani ya uzio. Wa Kwamnyefu aliitwa Bwana Nyamwero. Zamani alikuwa mwamuzi wa mpira, na alikuja na filimbi yake. Mwalimu akisema "kaeni chini", prrr! Akirudia, kadi ya njano. Watoto walimpenda sana Bwana Nyamwero. Ndiye mtu pekee pale shuleni ambaye ukimsikia unajua anamaanisha nini.

*

Shida ikaja kwa wazazi.

Zamani mzazi alisoma kwenye ripoti "Hesabu: kumi na mbili kwa mia," akajua kama atafute fimbo au anunue soda. Sasa ripoti zilikuja na madaraja mapya: Amezidi Matarajio, Amefikia Matarajio, Anakaribia Matarajio, na la mwisho kabisa, Anaelekea Kukaribia. Lilikuwepo na jingine chini ya hapo, likafutwa kwa sababu liliwahuzunisha waliolitunga.

Mzee Hamdun mwenye bucha alipoona kijana wake Sefu ameandikiwa Anaelekea Kukaribia, alichinja mbuzi.

"Mwanangu anaelekea!" aliwaambia wageni, machozi yanamlengalenga. "Miaka yote hii alikuwa haelekei popote!"

Ripoti ikatiwa kwenye fremu, ikatundikwa buchani juu ya mizani. Yule mbuzi alikuwa mtamu, nimeambiwa.

Ndipo akajitokeza kijana mmoja. Jina lake halina umuhimu. Alikuwa mtanashati, amevaa shati la bluu lenye mfuko uliochanika kidogo, elimu yake kidato cha nne lakini ulimi wake chuo kikuu. Aliweka kiti nje ya duka la fotokopi, akatundika kibao: MKALIMANI WA RIPOTI ZA SHULE. Wazazi wakapanga foleni. Kijana hakutaka fedha ya mtu. Alipokea chochote kilichopo mkononi, embe, yai, muwa. Na haukupita muda akagundua jambo la kisayansi: ripoti ikitafsiriwa vizuri, mzazi anakumbuka kwamba ana embe, ikitafsiriwa vibaya, mzazi anakumbuka kwamba ana haraka.

Tangu hapo hakuna ripoti iliyotafsiriwa vibaya pale mjini.

Upande wa pili wa barabara, mkabala na kile kiti, Mama Tunu alikuwa anapika vitumbua. Huyu mama kusoma anajua. Alimaliza darasa la saba enzi zile ambazo ukimaliza la saba unamsomea bibi barua, na bibi analia panapostahili. Siku moja alivuka barabara na ripoti ya bintiye.

"We kijana, hebu niambie hapa."

"Kwani hujaisoma, Mama Tunu?"

"Nimeisoma. Sasa nataka kuielewa."

Ripoti ilisema: *Tunu ana uhusiano unaoendelea kujengeka na matini andishi. Anaelekea Kukaribia.* Kijana akaitazama ripoti. Akatazama ng'ambo ya barabara. Vitumbua vilikuwa vinaiva kwenye chuma, na iliki ilikuwa inavuka peke yake bila kuangalia magari.

"Hongera, mama," akasema. "Wanasema Tunu anasoma kama mtangazaji wa taarifa ya habari."

"Hapo kwenye 'unaoendelea kujengeka'?"

"Hapo hapo. Maana yake akianza kusoma haachi. Anaendelea."

Mama Tunu akamtazama kidogo, kama mtu anayepima unga kwa jicho. Kisha akarudi kwenye jiko lake, na kijana akaletewa vitumbua kwenye sahani ya bati. Vya moto. Hilo nalo nimeambiwa.

*

Nisimamishe hadithi kidogo, maana hapa pana jambo. Tunu alikuwa darasa la nne, na muhula ulikuwa unaisha. Katika nchi ile, ukishavuka kwenda la tano, herufi hazifundishwi tena; zinahesabiwa kuwa "zimeshajengeka". Mwalimu wa juu akikutwa anamwonyesha mtoto tofauti ya *b* na *d* anakwenda warsha siku hiyo hiyo. Kwa hiyo mtoto akivuka hajui kusoma, amevuka jumla. Mama Tunu ana mdogo wake wa kiume aliyevuka hivyo hata kabla neno 'kufeli' halijatoka. Ni mtu mzima sasa, ana ndevu, na mpaka leo akifika stendi anauliza kila basi linakwenda wapi huku limeandikwa ubavuni.

Ndiyo maana mama huyu alikuwa anatafuta jibu la swali moja tu. Na kwa kuwa la kijana wa shati la bluu halikumtulia moyoni, jioni ile alichukua pakiti ya chumvi iliyokwisha, akaijaza maharage.

"Tunu mwanangu, hapa pameandikwa nini?"

Tunu akaishika pakiti. Akaitazama mbele, akaitazama nyuma. Kisha akachungulia ndani.

"Maharage," akasema.

Mama Tunu akakaa chini.

"Na shuleni, mwalimu akikwambia soma ubaoni, unafanyaje?"

"Namwangalia Zubeda mdomo."

"Siku Zubeda asipokuja?"

"Naumwa tumbo."

Wala hakuna aliyemchapa mwenzake. Mama alimvuta mtoto akamlaza kichwa mapajani, wakakaa hivyo mpaka maharage yakaungua. Yalikuwa mengine, ya jikoni.

*

Asubuhi yake Mama Tunu alikwenda Kwamnyefu. Alimkuta Mwalimu Apolonia, mwalimu wa la nne, mwanamke mpole ambaye alikuwa ameshakwenda warsha mara kadhaa na bado alikuwa na mawazo. Bwana Nyamwero akaja kusimama katikati yao, filimbi mdomoni.

"Mwalimu, nina swali dogo. Mwanangu anajua kusoma?"

Mwalimu Apolonia akafungua mdomo. Bwana Nyamwero akavuta pumzi. Mwalimu akaufunga.

"Mama Tunu," akaanza upya, taratibu kama anayetembea juu ya mayai, "Tunu yuko katika safari ya kuelekea kwenye matini."

"Amefika?"

"Safari ni mchakato."

"Mwalimu, mimi ni mpika vitumbua. Kitumbua ama kimeiva ama kibichi. Niambie ndiyo au siyo."

Prrrrr!

"Mama," akasema Bwana Nyamwero, akitoa kadi ya njano, "ndiyo na siyo ni majibu funge. Wizara inahimiza majibu wazi."

"We baba, umeajiriwa kunisaidia au kunizuia?"

"Nimeajiriwa kukuwezesha."

Mwalimu Apolonia alikuwa anatazama pembeni, anakunjakunja ncha ya kanga yake. Angeweza kutikisa kichwa, lakini kutikisa kichwa kulishapigwa marufuku mwezi uliotangulia, kama jibu funge la kimwili. Na pale pale, kabla Mama Tunu hajakasirika vizuri, mwalimu mkuu akatokea mbio, tai imemrukia begani.

"Mama Tunu! Nilikuwa nataka kukufuata! Mheshimiwa Waziri anakuja kwetu Siku ya Umahiri, na binti yako ndiye atakayemsomea risala!"

"Nani?"

"Tunu! Si mji mzima unajua? Anasoma kama mtangazaji wa taarifa ya habari!"

Kumbe habari ilikuwa imesambaa. Mwalimu mkuu naye, mtu makini, hakuiamini hivi hivi. Aliifungua ripoti ya Tunu akaisoma kwa makini, akashindwa kujua ina maana gani ijapokuwa aliisaini mwenyewe. Basi akamtuma mtu aende kwa mkalimani wa fotokopi. Mkalimani, ambaye siku hiyo mdomo wake ulikuwa bado unang'aa mafuta, akathibitisha.

Mama Tunu alimwambia mwalimu mkuu ukweli wote, na pakiti ya chumvi akaieleza. Mwalimu mkuu alicheka sana. "Mama, huo ni usomaji wa muktadha!" akasema, akaenda kutafuta viti vya kukodi.

*

Siku ya Umahiri ikafika. Turubai likafungwa, skauti wakamvisha Waziri skafu, kwaya ikaimba wimbo wenye neno "mtambuka" katika kila kiitikio. Mzee Hamdun alikaa mstari wa mbele amepakata ile fremu. Kijana wa shati la bluu alikuwepo pia, nyuma karibu na njia ya kutokea, mahali ambapo mtu mwenye busara hukaa.

Asubuhi Mama Tunu alikuwa amemfunga mtoto utepe, akamwambia neno moja: "Mwanangu, leo usichungulie."

Mshereheshaji akaita. Tunu akapanda jukwaani, akapewa karatasi, maiki ikashushwa mpaka ikamfikia. Akaitazama karatasi mbele. Akaitazama nyuma. Hapakuwa na picha. Akamtafuta Zubeda, Zubeda alikuwa huko kwenye kwaya, ameshika ngoma, mdomo umefungwa.

Akaiteremsha karatasi.

"Mimi," akasema Tunu kwenye maiki, na spika zikaibeba sauti yake mpaka sokoni, "sijui kusoma."

Bwana Nyamwero akainua filimbi, ikamponyoka, ikabingirika chini ya meza kuu. Mwalimu mkuu alitamani kuwa mwanafunzi wa masafa. Mama Tunu alikuwa amesimama bila kujua kwamba amesimama.

Halafu Mheshimiwa Dakta Tandabui akaanza kupiga makofi.

"Mmesikia?" akanyanyuka. "Ndugu wananchi, mmesikia? Miaka mingi tumeuliza, je, mtoto wetu anaweza kujitathmini? Leo amejibu! Huyu mtoto ana utambuzi wa kina wa mahitaji yake binafsi ya ujifunzaji! Wangapi miongoni mwetu, hapa meza kuu, tuna ujasiri huo?"

Meza kuu ikainama yote.

"Huyu hakaribii! Huyu haelekei! Huyu Amezidi Matarajio! Na ninaagiza, asivushwe kwenda la tano. Avushwe la sita!"

Vigelegele vikapasuka. Mzee Hamdun akaunyoosha mkono kutaka na Sefu wake ajitathmini.

"Mheshimiwa!" Sauti ya Mama Tunu ikapita katikati ya vigelegele. "Mheshimiwa, naomba mwanangu asivuke! Arudie! Hata la kwanza, arudie!"

Waziri akamtazama kwa huruma. "Mama, kurudia hakupo. Tulikufuta mwaka jana."

"Lakini mtoto mwenyewe kasema hajui!"

"Ndiyo maana anavuka, mama."

Hapo ndipo Mwalimu Apolonia alipotoka kwenye mstari wa walimu. Alitembea mpaka mbele ya meza kuu, akainama kidogo, na sauti yake ikatoka laini, iliyonyooka, kama ya mtu aliyebandika vikaratasi vya rangi mpaka akazijua siri za ukuta.

"Mheshimiwa Waziri, kwa kutambua maono yako, na kwa muktadha wa umahiri mtambuka uliodhihirika hivi punde, naomba kupendekeza mtoto huyu ateuliwe kuwa Balozi wa Uimarishaji wa Misingi ya Awali, mwenye kituo chake cha uwakilishi katika ngazi ya chini, ambako atashiriki bega kwa bega na walengwa katika ujenzi rejea wa stadi chanzi."

Waziri alifumba macho. Alikuwa anaonja.

"Ujenzi rejea," akanong'ona. "Wa stadi chanzi."

"Kwa kipindi endelevu, Mheshimiwa."

"Nimemteua!"

Wengine walipiga makofi bila kujua wanapigia nini, kama kawaida. Mama Tunu peke yake, aliyesoma enzi za barua, aliipeleka sentensi ile kichwani mara ya pili, polepole, akaivua nguo moja moja. Mtoto wake anakwenda kukaa darasa la kwanza kufundishwa a, e, i, o, u. Akajifunika uso kwa kanga, mabega yakawa yanatikisika, na mpaka leo hakuna ajuaye kama alikuwa analia au anacheka.

*

Tunu alivishwa mshipi wa kijani wenye neno BALOZI, akapelekwa la kwanza, akakaa na watoto ambao miguu yao haifiki sakafuni. Juma lililofuata Mzee Hamdun alikuja juu: kwa nini wa mpika vitumbua awe balozi na wa bucha asiwe? Sefu akateuliwa. Wakaja na wengine. Baada ya muda mfupi darasa la kwanza la Kwamnyefu lilikuwa limejaa mabalozi wenye magoti yanayogonga madawati, mmoja sauti imeshaanza kuwa nzito. Kwa kuwa mabalozi, kama mjuavyo, wana kinga, Bwana Nyamwero hakuruhusiwa kuingia. Alibaki nje mlangoni na filimbi yake, anasikiliza Mwalimu Apolonia akisema maneno yote ya zamani, moja baada ya jingine, bila kuogopa: soma. Andika. Umekosea. Rudia.

Kuna watu wanasema walimwona naye anatingisha mdomo: ba, be, bi, bo, bu.

Na yule kijana wa shati la bluu? Alihama mji kwa aibu. Yuko mbali sana. Hatutamwona tena, wala hakuna faida ya kumtafuta, na hasa Mama Tunu asihangaike kum

*

Samahani, wasomaji. Nilikatizwa. Ninaandika haya hapa nilipo, mezani nje ya duka, na sikuona kwamba nyuma yangu amesimama mtu na sinia ya vitumbua mkononi. Mshipi wa kijani umemlegea begani. Ameinama juu ya karatasi yangu ya kwanza na kidole kinatembea.

"Mi-mi," anasoma. "Tangu... ni-a-nze... ku-o-ngea... si-ja-wahi... ku-m-da-nga-nya..." Anameza mate. "Mama. Wa. Mtu."

Kidole kinasimama.

"Muongo," anasema Tunu.

"Tunu mdogo wangu, hiyo ni namna ya kuanzia hadithi. Ni mtazamo mbadala wa..."

"Ulimwambia mama nasoma kama redio. Nilikuwa pale pale, nimeshika bakuli la unga. Ulikula vitumbua, ukaomba vingine, na ukajipangusia mfukoni." Anaunyooshea kidole mfuko wa shati langu, ambao kwa bahati mbaya leo nao umechanika. "Si huu hapa?"

"Mashati ya bluu ni mengi sana katika nchi hii, Tunu."

Hanisikilizi. Ameshachukua karatasi nyingine, midomo inakwenda, na Zubeda hayupo mahali popote karibu.

"A-li-ku-wa... m-ta-na-sha-ti." Ananitazama kuanzia viatu mpaka nywele, kwa utulivu wa balozi. "Hii nayo uongo."

Ng'ambo ya barabara upawa umesimama hewani. "Tunu! Unasoma hapo, au unachungulia?"

"Nasoma, mama! Ni Kaka Msabaha! Ameandika yote! Njoo nikusomee!"

Mama Tunu anateremsha chuma cha vitumbua motoni, anafunga kanga vizuri, anavuka barabara na upawa wake mkononi. Uso wake si wa mtu anayehimiza majibu wazi. Na mimi, ambaye siku zote nimewatakia mema watoto wa nchi ile, natamani kwa dakika moja tu, huyu mmoja tu, angekuwa bado anaelekea kukaribia.